Kaka yangu hataki kuniozesha kwa sababu ya mashine ya gemu

Shangazi Enesi, shikamoo. Naitwa Pili, ninaishi Tunduma, na ninakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda ndani ya banda langu kwa sababu nyumbani hakuna pembe iliyobaki isiyo na mtu anayenung'unika. Nisaidie upesi, Shangazi, maana ndoa yangu ni mwisho wa mwezi ujao, kadi zimeshagawiwa mpaka Sumbawanga, mchele wa pilau umeshachambuliwa, bwana harusi yupo, bibi harusi ndiye mimi, lakini mtu wa kuniozesha hayupo.

Nianze na kaka yangu Othmani. Baba yetu alifariki mimi nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo kaka ndiye aliyenilea akisaidiana na mama, na kwa dini yetu ndiye walii wangu, yeye ndiye wa kutamka kwamba nimeolewa. Kaka anafanya kazi ofisi ya uwakala wa forodha hapa mpakani, anashughulikia makaratasi ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na hajawahi kupitisha hata pakiti ya biskuti kwa njia ya panya. Kuna siku mama alinunua vitenge Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akavifunga kiunoni kimoja juu ya kingine ili asivilipie ushuru, kaka akamkuta njiani akamrudisha forodhani, mama yake mzazi, naye mama akavivua kimoja kimoja mbele ya maofisa huku akimlaani kwa Kinyiha alichojifunza sokoni. Huyo ndiye Othmani.

Mchumba wangu anaitwa Salum. Alikuja kutoka Tanga, ni fundi simu karibu na stendi. Unajua simu nyingi zinazovuka mpaka huwa zimefungwa zikubali laini ya kampuni moja tu, sasa Salum ndiye anayezifungua, na watu wanampenda kweli. Yeye anaamini ukishanunua kitu ni chako chote, na aliyekuwekea kufuli ndani ya kitu chako amekudhulumu hata kama alikupa risiti. Ni mcheshi, ni mchapakazi, na mikono yake haitulii, akikuta redio imenyamaza anaifungua kabla hajasalimia. Kila simu anayoitengeneza anaibandikia karatasi nyuma, "Ukifungua mwenyewe usirudi kwangu."

Hawa wawili, Shangazi, walikuwa marafiki kabla Salum hajaniona. Kaka ndiye aliyemleta nyumbani, na alimleta waje wacheze kwenye mashine ya gemu.

Mashine yenyewe ilikuja hivi. Nilipomaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani bila shughuli, kaka akaiagiza kupitia kwa Luka, dereva wa lori anayekwenda Johannesburg, akailipia ushuru wake wote, akaileta sebuleni imeviringishwa karatasi ya maua, akasema mbele ya mama, "Pili, hii ni yako, ujitegemee." Tukaiweka chumba cha mbele kinachotazama barabara, ndilo banda langu. Vijana wakaanza kuja, wabadilisha fedha, bodaboda, utingo wa malori wanaosubiri kuvuka, na kila Jumapili wanakuja wa Nakonde wakiongozwa na Bwalya, muuza mitumba, mtu mkubwa mwenye sauti ya kanisani. Mimi natazama saa, natoza, nauza soda na karanga, nafuta jasho kwenye pedi za kuchezea. Shughuli ikashika.

Kaka akafungua akaunti humo ndani ili awe ananunua gemu kwa mtandao moja kwa moja kutoka kwa kampuni. Kumbe lazima uchague nchi unayoishi, na kwenye orodha ya nchi Tanzania haimo. Wakatafuta Zambia, nayo haimo. Bwalya akapiga mapaja yake akasema, "Mwe bantu! Watu wangu, kumbe sisi wote hapa hatupo duniani!" Kaka aliwaza sana siku ile, mwisho akachagua Afrika Kusini, na kwenye anwani akaandika ya yadi anakopakilia Luka. Kuanzia hapo akawa ananunua gemu zake kihalali, anacheza na watu wa Ndola na Durban ambao hajawahi kuwaona, na wanajuana majina kama ndugu.

Ugomvi ulianza mwaka jana. Vijana walisoma kwenye simu kwamba kuna mashine mpya inakuja ambayo itakataa CD iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, tena kila mara itataka mtandao ili iulize huko ilikotoka kama una ruhusa ya kucheza. Baadaye tukasikia wamebadilisha mawazo, lakini bandani kwetu moto ulikuwa umeshawaka.

"Nikinunua jembe," Salum alisema, "aliyelitengeneza hanifuati shambani kuniuliza nalima mahindi au kahawa."

"Jembe halinakiliwi," kaka akamjibu. "Wewe CD moja unaitoa nakala, kesho kutwa Tunduma nzima inayo. Walioitengeneza wale nini?"

"Na mimi je?" Bwalya akaingilia. "CD nikiichoka naiuza, napata nyingine. Wakinizuia kuuza, nicheze gemu moja mpaka nizeeke?"

"Nunua kwa akaunti kama mimi," kaka akasema.

"Hizo za kwenye akaunti ukifa atazirithi nani?" Salum akamuuliza.

"Sina watoto."

"Ndiyo maana huna wasiwasi!"

Watu walicheka hadi mtu mmoja akadondoka kwenye benchi, na kaka mwenyewe alicheka. Wakati ule yalikuwa maneno matamu tu, Shangazi, mimi nilikuwa nayapenda kwa sababu watu wakibishana wanakunywa soda. Wakajigawa, wa upande wa kaka wakajiita Wa-Kufuli na wa upande wa Salum wakajiita Wa-Ufunguo, na kila Jumapili hoja inaanza upya pale ilipoishia.

Sasa mwezi uliopita kaka alisafiri kikazi kwenda Dar es Salaam. Salum akaja asubuhi na mkoba wake wa vifaa, uso unameremeta, akasema, "Pili, nataka kukupa zawadi ya ndoa kabla ya ndoa." Nikamuuliza zawadi gani. Akasema, "Naifungua ile mashine. Nikimaliza itakubali CD yoyote, ya kununua, ya kunakili, ya kuazima. Banda litajaa." Nikamwambia, "Na kaka?" Akasema, "Kaka akirudi akakuta watu wamejaa mpaka barabarani, atafurahi mwenyewe." Mimi nilikuwa nakaanga karanga na zilikuwa zinataka kuungua, nikamjibu, "Fanya unavyoona."

Akaifungua juu ya meza ya mama, akaichomelea kipande chake kidogo ndani, akaifunga. Na kweli ikafanya kazi. Gemu ambazo tulikuwa tunazisikia tu zikaingia, watu wakajaa, mama naye akaja kutazama mbio za magari akashangilia gari jekundu lililokuwa la mwisho.

Kaka akarudi na zawadi za watu wote. Akala, akaoga, akaja bandani, akachomeka modemu kama kawaida yake ili acheze na wenzake wa Ndola. Yakatokea maneno ya Kiingereza kwenye televisheni. Kaka akayasoma amesimama. Yalikuwa yanasema mashine imechezewa ndani na kwa hiyo akaunti imefungwa moja kwa moja. Gemu zote alizonunua tangu mwanzo, vikombe alivyoshinda, majina ya rafiki zake, vyote vimekwenda.

Kaka hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Aliweka pedi juu ya meza taratibu, akauliza, "Nani ameigusa?"

Salum akasimama. "Ni mimi, shemeji. Lakini aliyekufungia si mimi, ni wao. Si unaona sasa? Ndiyo haya ninayokwambia siku zote."

Shangazi, nilitamani ardhi immeze Salum wangu kidogo halafu imrudishe. Kaka alimtazama akamwambia, "Mtu anayefungua vitu vya watu wakiwa hawapo, mimi simpi dada yangu." Akatoka.

Tangu siku hiyo kaka anasema siku ya ndoa atakuwa kazini. Salum naye hataki kuomba radhi, anasema akiomba radhi atakuwa amekubali kwamba kampuni ina haki ya kuingia kwenye kitu cha mtu na kukizima. Anataka twende kwa sheikh tukaseme kaka anakataa bila sababu ya dini, au tumwite baba mdogo Abdulswamad atoke Sumbawanga aje aniozeshe yeye. Mama analia asubuhi, jioni anacheka, anasema hajapata kusikia ndoa imekwama kwa ajili ya mpira ambao hauna hata upepo. Vijana nao wamechochea, Wa-Kufuli wanasema hawatakula pilau ya mvunja kufuli, Wa-Ufunguo wanasema wataniozesha wao wenyewe, na Bwalya aliniita pembeni akaniuliza kwa heshima kabisa kama pilau itapikwa sufuria moja au mbili.

Nampenda Salum, Shangazi. Na kaka ndiye aliyenisuka nywele mama alipolazwa, akanisuka vibaya nikachekwa na shule nzima, siwezi kuolewa yeye akiwa amekaa ofisini akigonga mihuri. Nikimtetea huyu namchoma yule. Niambie kwa haki, nani ana haki na mashine, ni kampuni, ni kaka, au ni Salum? Na mimi nifanye nini?

Wako Pili, Tunduma.

SHANGAZI ENESI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka, kwa sababu mwezi ujao hauko mbali na nyie bado mnabishana.

Mimi ni mama wa Ibaba, milimani Ileje, nilichowahi kubonyeza maishani ni redio na simu. Lakini hoja zenu nimezielewa vizuri, pengine kuliko mnavyozielewa wenyewe. Salum anasema kitu ulichonunua ni chako. Kweli, na mimi mtu angekuja kuniambia blanketi nililonunua nisimpe mjukuu, ningemfukuza. Othmani anasema waliotengeneza wasiibiwe jasho lao. Kweli tena, na mimi ninayeandika hapa nisingependa mtu achape safu yangu aiuze sokoni Vwawa. Hiyo kesi ni kubwa, na wakubwa huko duniani bado wanaibishania. Haitaamuliwa na nyie kabla ya ndoa, wala haihitaji kuamuliwa. Bishaneni mpaka mzeeke, ni maneno mazuri na yanauza soda.

Sasa tuje kwenye yaliyotokea nyumbani kwenu, ambayo ni mambo mengine kabisa.

Salum, najua utasoma. Wewe mpenda uhuru unabandika karatasi kwenye simu za watu, "Ukifungua mwenyewe usirudi kwangu." Wewe ni nani kuwawekea wenzako kufuli kwenye simu walizonunua? Kampuni ikifanya ni dhuluma, ukifanya wewe ni ufundi? Na siku ile ulipoulizwa nani ameigusa, jibu lilikuwa neno moja, "Nisamehe." Badala yake ukamhutubia mtu aliyepoteza kitu sasa hivi. Huko si kuwa na msimamo, huko ni kukosa masikio.

Othmani, baba. Umelea mdogo wako, umemsuka nywele, Mungu akubariki kwa hilo. Lakini wewe mpenda kanuni, uliyemvua mama yako vitenge mbele ya maofisa, umejiandikisha kwamba unaishi Johannesburg! Nilidhani nimesoma vibaya nikavaa miwani. Kumbe kanuni isiyokutambua hata wewe unaizunguka, na sikulaumu sana, ila usijifanye hujui njia ya panya iko wapi. Halafu hili la pili ndilo zito. Salum amekukosea juu ya akaunti, wewe unamwadhibu Pili. Dada si mzigo usiolipiwa ushuru, uushikilie mpaka makaratasi yakamilike. Angekuwa mlevi ukamnyima, ningekupigia makofi. Angekuwa mpiga wanawake, ningekuja mwenyewe kukushika mkono. Huyu ulimchagua wewe, ukamleta nyumbani kwa mkono wako. Je, tabia yake imebadilika, au umeumia? Umeumia. Basi sema umeumia, usiseme hafai.

Na wewe Pili. Ukaniuliza nani ana haki na mashine, ukanipa majina matatu, kampuni, kaka na Salum. La nne umelisahau. Kaka yako alisema mbele ya mama yenu, "Hii ni yako." Mashine ni yako, mwanangu! Katika barua yote ndefu hii umeandika banda langu, ndoa yangu, mchumba wangu, hata ukaandika Salum wangu. Mashine yangu hukuandika. Fundi alipokuja na mkoba ukamwambia fanya unavyoona, kwa sababu ya karanga. Wanaume wawili wanagombea haki za mwenye mali, na mwenye mali yuko pembeni anafuta pedi jasho!

Kwa hiyo sikiliza. Mashine ni ya Pili, akaunti ilikuwa ya Othmani. Salum alikuwa na ruhusa ya ovyoovyo juu ya ile ya kwanza, na hakuwa na ruhusa yoyote juu ya ya pili. Aliyoiteketeza ni ya pili. Hilo ndilo kosa, wala halina uhusiano na kampuni.

Fanya hivi. Leo hii, kabla hujapika, funga banda. Kufuli kubwa, la chuma, na ufunguo uuvae shingoni. Asicheze mtu, awe wa Kufuli au wa Ufunguo, wa Tunduma au wa Nakonde. Mtu akiuliza, mwambie mwenye mashine amefunga.

Usimwite baba mdogo. Ukimleta kumpita kaka yako, utaolewa siku moja na utajuta Idi zote zitakazofuata. Mambo ya sheikh mwachie sheikh, mimi si wa dini yenu, lakini nakuomba mlango huo usiugonge kwanza.

Waite wote wawili nyumbani baada ya sala ya alasiri, mama yenu akiwepo. Salum aanze. Asiombe radhi ya hoja yake, hoja abaki nayo. Aombe radhi ya mkono wake. Kisha waketi pamoja waandike kwa hiyo kampuni waombe akaunti irudishwe, wasipojibiwa basi, lakini waandike pamoja, karatasi moja. Othmani naye aseme mbele ya mama kama atakuozesha au hatakuozesha, kwa mdomo wake, akikutazama usoni. Asikwambie kupitia kwa watu kwamba atakuwa kazini.

Na mkishaelewana, pilau ipikwe sufuria moja.

PILI AMEANDIKA TENA

Wasomaji mliniandama kutaka kujua yaliyotokea, tena wengi wenu mnaonekana ni wacheza gemu. Pili mwenyewe ameandika. Nimepunguza salamu, mengine nimeyaacha kama alivyoyamwaga.

Shangazi, shikamoo sana. Nilifunga banda siku ile ile gazeti lilipofika. Jumapili Bwalya na wenzake wakavuka wakakuta kufuli, wakakaa kwenye benchi la nje, na Wa-Kufuli wakaja wakakaa hapo hapo kwa sababu benchi ni moja, na baada ya muda nikawasikia wote wananisema mimi, kwa umoja ambao sijawahi kuuona tangu mwaka jana. Bwalya akaingia ndani kwa mama, akapiga goti, akasema, "Mama, tumekuja kudai haki zetu." Mama akamwambia, "Haki zenu ziko shingoni kwa Pili."

Kesho yake nikawaita. Kaka alikuja na nguo za kazini, Salum alikuja amevaa kanzu. Salum akasema, "Shemeji, hoja yangu iko pale pale. Lakini niliingia kwenye kitu chako bila kubisha hodi. Nimekosa. Nisamehe."

Kaka akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Hayo umeyasoma gazetini."

"Ndiyo."

"Na mimi nimesoma." Mama akaanza kucheka, akajiziba mdomo na mtandio. Kaka akanigeukia akanitazama usoni kama ulivyoagiza, macho yamejaa machozi, akasema, "Nitakuozesha, Pili. Nani mwingine akuozeshe?" Nililia, Shangazi, mpaka Salum akaanza kunitafutia kitambaa kwenye mkoba wa vifaa.

Wakaandika kwa kampuni pamoja. Kaka aliandika Kiingereza cha ofisini, "tafadhali rejea," na Salum akaongeza maneno makali, kaka akayafuta, akayarudisha nusu. Jibu lilikuja upesi. Walisema wanaweza kuangalia shauri lake, ila kwanza athibitishe anwani yake ya Johannesburg, mtaa na namba ya nyumba. Kaka akampigia Luka, Luka akasema ile yadi ilishahama. Basi wakajibu kwamba hawawezi kumthibitisha na akaunti haitarudi kamwe. Kaka akasoma, akakaa chini, nikadhani tumerudi tulikotoka. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, anasema, "Kila siku nawaambia madereva waandike ukweli kwenye fomu!" Salum akawa anacheka naye, kwa woga mwanzoni.

Ila sitakudanganya, kimemuuma. Wale wa Ndola alikuwa anawajua kwa majina ya humo tu, hana namba zao. Siku mbili tatu alikuwa anakuja bandani anatazama, hachezi. Salum ndiye aliyekwenda kumwomba Bwalya, Bwalya akawapa kazi ndugu zake wa huko Ndola waulizie vijiweni, na wawili wamepatikana. Sasa wanapigiana simu. Mmoja, kaka anasema, kumbe ni mwanamke, mama wa watoto wanne, na ndiye aliyekuwa akimfunga kila mara.

Sasa nikwambie la kwangu. Sheikh alipokuja nyumbani na mashahidi kuniuliza mahari yangu, mama alikuwa ameshaniandalia la kusema, nikasema langu. Kwa hiyo siku ya Ijumaa, mimi niko ndani nimekaa na wanawake, mikono ina hina, tukasikia spika ya msikiti. Kaka alitamka yote, neno kwa neno. Na mahari ikasomwa, Msahafu, na kitanda, "na mashine moja mpya ya gemu, iliyo katika jina la bibi harusi, isiyofunguliwa wala kuguswa na mume wala kaka pasipo idhini yake." Sheikh aliisoma polepole kama hukumu. Barabara nzima ikaangua kicheko, na sauti ya Salum ikasikika, "Nimekubali!" kabla hajaambiwa aseme.

Pilau ilipikwa sufuria moja. Bwalya alikula na kundi hili, akahamia kundi lile, anasema hoja za pande zote zina nyama.

Ile mashine ya zamani bado imefunguliwa, iko mbele kwa wateja, na kaka anaicheza kwa CD alizonunua tu, amekunja uso, kanuni zake ziko pale pale. Salum ameacha kubandika zile karatasi kwenye simu, anasema mtu akiifungua mwenyewe akashindwa, arudi tu, atamcheka kwanza halafu atamtengenezea. Wanabishana kila Jumapili. Mpya iko chumbani kwangu. Akaunti nimefungua mimi, neno la siri nalijua mimi, na nchi niliyochagua sikutajii, Shangazi, maana utanichapa gazetini.

Unajua tangu banda lifunguliwe sikuwahi kushika pedi hata mara moja, nilikuwa natazama saa tu. Jumapili nikamwita Bwalya tucheze mpira. Amenifunga mabao mengi sana. Salum akasogea nyuma yangu akasema, "Nipe nikusaidie." Kaka naye akasogea upande wa pili, "Hapana, nipe mimi, huyo hajui kukaba." Nikawaambia wote wawili wakakae kwenye benchi, wakitaka soda wanunue, mimi bado nacheza.